Pipa Nililolipitisha

Nianze na hili, usije ukalisikia kwa watu: mdomo wangu hauna mlango. Nikikasirika nasema, na nikishasema sirudi nyuma kuokota. Ndiyo maana aibu hii imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana katika jambo lote hili, palipotakiwa kusema ndipo nilipofyata mkia, na palipotakiwa kunyamaza ndipo nilipocheka.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya chakula cha nguruwe. Miaka kumi na tisa, shamba lilelile, ghala lilelile, mashine ileile ambayo mpaka uipige teke ndipo inawaka. Nguruwe wangu walikuwa wale wanaokua, walioacha kunyonya lakini bado hawajafika uzito wa kuchinjwa. Hao wanakula kana kwamba wamesikia chakula kinaisha kesho. Unawawekea mahindi yaliyosagwa, pumba, mashudu ya soya, chumvi, madini, halafu mwisho unanyunyizia mafuta. Mafuta ndiyo nguvu yenyewe. Kilo ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi ya kilo ya mahindi. Lakini mafuta nayo huharibika, na nguruwe akila mafuta yaliyoharibika anahara, akihara anakonda, akikonda Bosi anatafuta mtu wa kumla nyama.

Hapo ndipo nilipopatia jina. Mafuta yalikuja kwa mapipa, mengine ya wanyama kutoka machinjioni, mengine yaliyokwisha kukaangiwa hotelini. Dereva anashusha, mtunza ghala wetu, ambaye tulimwita Kufuli kwa sababu funguo zote zilining'inia kiunoni mwake, anafungua kizibo, nami nainama nanusa. Mara moja tu. "Pitisha." Au: "Rudisha ulikoyatoa, na umwambie aliyekutuma asinione mjinga." Sikuwahi kukosea. Basi wakaniita Pua. Hata Bosi mwenyewe, kabla hajatia sahihi, alikuwa anauliza, "Pua kasemaje?" Nami kichwa kilinivimba, sikatai. Mtu uliyeacha shule mapema, umri wako miaka hamsini na sita, pua ndiyo cheti chako.

Sasa, mwezi wa baridi nikashikwa na mafua. Siku tisa kitandani. Mafua yakaenda zake, harufu haikurudi. Nilidhani itarudi kesho, nikadhani itarudi keshokutwa. Siku moja niko jikoni nimekaa kabisa mbele ya jiko, binti yangu akaja mbio kutoka chumba cha pili, kashika tumbo lake la mimba kwa mkono mmoja.

"Mama! Maharage yanaungua! Husikii harufu?"

"Nasikia," nikamwambia. "Nimeacha makusudi. Leo nataka ya kuungua."

Tukayala hivyo hivyo, meusi, mimi natafuna nasifia. Binti yangu alinitazama sana siku ile, lakini hakuuliza tena.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo nimewaimbia wenzangu mara ngapi! Lakini nyani haoni kundule. Mimi nikaficha. Kazini niligundua ujanja. Kufuli ana uso usiojua uongo: akifungua kizibo na mafuta yakiwa mabaya, mdomo wa juu unamkunjamana kabla hata hajainua kichwa. Basi nikawa nainama juu ya pipa, navuta pumzi kwa mbwembwe, kumbe jicho liko usoni mwa Kufuli. Ukikunjamana, "Rudisha!" Ukitulia, "Pitisha." Miezi minne nimeishi kwa mdomo wa mtu mwingine, na watu wananiita Pua, nami naitika.

Katika miezi hiyo ndipo mkwe wangu alipoletwa shambani. Huyu ni mume wa binti yangu huyo huyo mwenye mimba. Amesomea lishe ya mifugo, kijana mrefu, mpole, anaongea polepole kana kwamba maneno yana bei. Bosi alimchukua kwa muda, kwa majaribio. Wafanyakazi wakamwita Mtaalamu. Mimi nilimwita "baba" mbele ya watu, kama inavyompasa mkwe, lakini moyoni hakunikaa. Mwanamume asiyegombana simwamini. Tena, niseme ukweli wote leo, nilimwogopa. Mtu wa vipimo akiingia ghalani, mtu wa pua ataenda wapi?

Akaja na unga wake. Asubuhi moja alitukusanya mbele ya ghala na chupa mbili za kioo, zote zina maji na mafuta.

"Mama," akaanza, maana kila alichosema alianza na mama, "mafuta na maji hayapatani. Tumbo la nguruwe limejaa maji. Nguruwe mkubwa nyongo yake inatosha kuyavunjavunja mafuta, lakini huyu mdogo bado. Mafuta mengine yanampitia tu, yanatoka nyuma."

"Kwa hiyo," nikasema, "miaka yote hii tunalisha shimo la kinyesi?"

"Kwa sehemu, ndiyo, mama."

"He! Haya."

Akatia unga kidogo katika chupa moja, akazitikisa zote. Ile isiyo na unga, mafuta yakarudi juu palepale. Ile yenye unga ikawa nyeupe kama maziwa, ikabaki hivyo. Akasema unga huo unatokana na soya, kitaalamu unaitwa emulsifaya, na kazi yake ni kuyapasua mafuta yawe matone madogo madogo ili tumbo liweze kuyachukua. Ukiutumia, unapunguza mafuta katika chakula na nguruwe anakua vilevile, au anazidi.

Nilielewa. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba nilielewa mara moja na nikaona anasema kweli. Nikafanya nini? "Hata sabuni ya kufulia inafanya hivyo," nikasema. "Tuwape nguruwe sabuni, watoke na mapovu!" Watu wakaangua kicheko. Tangu siku ile unga ule ukaitwa sabuni ya Mtaalamu. Yeye mwenyewe alicheka, akakusanya chupa zake.

Bosi hakucheka. Bosi ni mtu wa maneno machache, mwenye kofia asiyoivua hata akiwa ofisini. Akatoa masharti palepale: mabanda mawili, nguruwe thelathini kila banda, uzito uleule wa kuanzia. Banda la kwanza wale chakula chetu cha siku zote. Banda la pili wale chakula chenye mafuta pungufu na unga ule. Majuma manane, kupima kila Jumamosi. Likifaulu banda la pili, mkwe wangu anaajiriwa moja kwa moja na anapewa nyumba. Likishindwa, afunge mizigo.

Na akifunga mizigo, anakwenda wapi? Kwao, kwa baba yake, safari ya siku mbili. Na binti yangu anamfuata, na mjukuu wangu wa kwanza anazaliwa huko, nami namwona kwenye picha ya simu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Usiniambie sikujua.

Majuma matano yakaenda vizuri kuliko alivyoahidi. Kila Jumamosi tulikuwa tunawaingiza kwenye mizani mmoja mmoja, wanapiga kelele utadhani wanachinjwa, na banda la pili lilikwenda sawa na la kwanza, halafu likapita kidogo. Nguruwe wana migongo mipana, ngozi inang'aa, kinyesi kimeshikana. Juma la tano nilijikuta nasimama kwenye ukuta wa banda lile bila kazi yoyote, nawatazama tu. Nikajisemea, huyu kijana ana kitu. Lakini kumwambia? Mdomo wangu huu usio na mlango, kwa sifa una kufuli.

Juma la sita mafuta ya banda la pili yakaisha. Mkwe wangu alikuwa ameomba banda lake lifunguliwe pipa lake peke yake, ili vipimo visiingiliane. Pipa jipya likaja Jumatatu. Na Kufuli hakuwepo, alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake.

Dereva akafungua kizibo mwenyewe. Nikainama. Hewa ikaingia puani, baridi tu, kama hewa ya dirishani. Nikainua macho kumtazama dereva, uso mkavu, haukusema lolote, pengine alishazoea. Nikainama tena. Mkwe wangu amesimama pembeni na daftari lake.

"Mama, vipi? Yako sawa?"

Ilitosha niseme, "Baba, hebu na wewe nusa." Maneno matano tu. Angenusa, angejua, pipa lingerudi, tungekula chakula cha mchana kwa amani. Lakini nilisikia kama ananipima. Damu ikanipanda.

"Unaniuliza mimi?" nikamwambia mbele ya dereva. "Ulikuwa hujazaliwa, mimi nanusa mapipa! Pitisha!"

"Samahani, mama," akasema, akaandika. Kwake yeye, mama akisema mazuri, ni mazuri. Alikwenda mabandani, nami nikachanganya chakula cha juma zima.

Siku ya tatu, hori za banda la pili zilikuwa zimejaa. Nguruwe kukataa chakula, jamani! Nguruwe anayekataa chakula ni kama mlevi anayekataa pombe, ujue pana jambo. Wengine walikuwa wamekunja mgongo, wengine wanahara maji ya kijani, sakafu imeteleza yote. Nikasubiri watu waende kunywa chai, nikaingia ghalani, nikachovya kidole kwenye pipa lile, nikalamba. Ulimi haukuniambia mengi, lakini koo liliniambia. Lilikwaruzwa, likaanza kuwaka mpaka machozi. Mafuta yalikuwa yameoza. Nililipitisha mimi.

Na hapa ndipo ninapoona aibu hata kuendelea, lakini nimeshaanza. Nililifunga kizibo kwa nguvu zangu zote. Nikalilaza pipa lile, nikaliviringisha mpaka nyuma ya ghala, nikalisimamisha katikati ya mapipa matupu. Nikanawa mikono. Nikaenda kunywa chai na wenzangu, nikasimulia kichekesho.

Mkwe wangu aliondoa chakula kile siku hiyohiyo, akachanganya kingine kwa mikono yake, akalala bandani karibu kila siku akiwanywesha maji ya chumvi na sukari. Hakufa hata mmoja. Lakini uzito uliokwisha kupotea haukurudi kwa wakati. Jumamosi ya juma la nane mizani ikasema wazi: banda la pili liko nyuma, tena nyuma sana.

Bosi akatukusanya mbele ya ghala. Kofia kaivuta chini.

"Mtaalamu, nipe sababu."

Mkwe wangu akanitazama. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayetazama saa. Kisha akatazama chini.

"Ni mimi, Bosi. Juma la sita nilikosea kipimo cha unga."

"Mafuta je? Pua, mafuta yalikuwa sawa?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi yangu hapo, pana kama uwanja wa mpira.

"Mafuta niliyanusa mwenyewe," nikasema. "Miaka kumi na tisa, Bosi. Umeshanisikia nimekosea?"

"Hapana," akasema Bosi.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwongo tu. Sikuishia. Ule ukimya ulinitisha, nikataka uondoke, nikasema, "Si nilisema mimi? Sabuni ni ya kufulia!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, nimeshika mbavu, na mkwe wangu kasimama pale na daftari lake kalikumbatia kifuani. Bosi akamwambia mwisho wake ni Jumatatu.

Jumapili nikaenda chumbani kwao. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, anakunja nguo za mtoto moja moja na kuzipanga katika begi. Mumewe alikuwa ametoka kuaga. Sikujua niseme nini, na nisipojua la kusema huwa nasema baya.

"Ndiyo shida ya kusoma sana," nikasema. "Kitabu kingi, kazi sifuri."

Binti yangu akaweka nguo chini. Mtoto huyu sijawahi kumsikia akinipandishia sauti tangu nimzae.

"Mama, nyamaza. Tafadhali, nyamaza."

"Unaniambia mimi ninyamaze?"

"Anajua! Alilikuta pipa nyuma ya ghala. Alilifungua, akanusa, akarudi hapa akakaa hapo ulipo, hakula. Nikamwambia nenda kwa Bosi. Akasema, nikimtaja mama atafukuzwa, na kwa umri ule nani atamwajiri? Mimi kijana, nitapata kwingine." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikutetereka. "Akaniapisha nisikwambie. Na mimi nilijua kabla yake, mama. Tangu siku ya maharage. Nilingoja useme. Nilikuwa naogopa kukuaibisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilisimama pale, mtu mzima, na mikono sijui niiweke wapi. Watoto wawili walikuwa wamenibeba mgongoni miezi yote ile, nami huko juu nawapiga teke. Nilitoka bila kuaga. Nilikaa kitandani kwangu mpaka giza likaingia na sikuwasha taa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mkwe wangu kilichomla kilikuwa ni mimi, mama wa mke wake, ambaye yeye huniamkia kila asubuhi kabla hajamwamkia mtu mwingine.

Jumatatu, watu wamejipanga kupangiwa kazi, nikatoka mbele.

"Bosi, mafuta yalikuwa yameoza. Niliyapitisha mimi. Mimi sina pua. Sisikii harufu tangu mwezi wa baridi."

Mtu akacheka kidogo. Bosi akainua kofia akanitazama vizuri.

"Pua, nakuelewa. Damu nzito. Lakini usijitie dhambi kwa ajili ya mkwe."

"Njoo nikuonyeshe pipa!"

Nikawaongoza nyuma ya ghala. Kufuli, aliyekuwa amesharudi, akafungua kizibo, mdomo wa juu ukamkunjamana mpaka karibu ufike machoni. Bosi akanusa, akarudi nyuma.

"Yameoza, kweli," akasema. "Lakini majuma mawili na zaidi yamekaa juani hapa. Nitajuaje yalioza kabla ya kuingia au baada?"

Unaona mambo! Miaka yote nilitaka kuaminiwa, sasa nimeaminiwa mpaka sina pa kutokea. Mkwe wangu alikuwa amefika, kashika begi mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, acha. Yameshapita."

"Wewe usiniambie niache!" nikamfokea. Hata hapo, jamani, nikamfokea. Kisha nikamgeukia Bosi. "Nipime."

Wakanifunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa. Kufuli akaleta makopo mawili, moja la mafuta yaliyooza, moja la mafuta mazuri, akanisogezea puani moja baada ya jingine.

"Baya ni lipi?" akauliza Bosi.

"Sijui."

"Chagua."

"Nimesema sijui!"

"Chagua tu."

"Basi la kushoto!"

Wakapiga makofi. Wakapiga na vigelegele. "Pua ni Pua!" Bahati, bahati tupu, bahati ya mtu aliyelaaniwa! Na hapo, chini ya kile kitambaa, nikasikia kitu kinaninong'oneza: basi, umeshajaribu. Umesema ukweli, hawakutaka. Vua kitambaa, rudi kazini, jina lako liko palepale. Sitakudanganya, niliifikiria. Nilisimama kidogo nikiifikiria.

"Kufuli," nikasema. "Leta kingine. Chochote unachotaka. Usiniambie."

Nikasikia funguo zake zinakwenda zinalia, zikatulia mbali, zikarudi. Watu wakaanza kunong'onezana. Nikasikia ndoo imewekwa chini. Nikapiga magoti, nikaishika mdomo, nikainama kama nilivyokuwa nainamia mapipa, nikavuta pumzi ndefu. Hewa tu. Nikazidi kuinama mpaka ncha ya pua ikagusa kitu laini, chenye uvuguvugu. Nikavuta tena.

"Mafuta ya mnyama," nikasema. "Mapya. Pitisha."

Mtu mmoja akapasuka kicheko, wakafuata wote. Nikavua kitambaa. Mbele yangu ilikuwa ndoo ya kinyesi cha nguruwe, cha asubuhi ileile, na alama ya pua yangu katikati. Watu walikuwa wanaegemeana. Kufuli mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nilibaki pale nimepiga magoti, kinyesi puani na mdomoni, miaka kumi na tisa ya jina langu inachekwa.

Bosi hakucheka. Alisubiri watulie. Akasema majaribio yatarudiwa yote, majuma manane, na Mtaalamu arudishe begi ndani. Kuanzia sasa mafuta yatapimwa kwa vipimo, na Mtaalamu ndiye atakayepima. Mimi akanitazama kwa muda mrefu. "Wewe utasafisha mabanda," akasema. "Na ungeniambia mwezi wa baridi, ungebaki ghalani." Akaenda zake ofisini, na watu wakatawanyika, mmoja mmoja, wakigeuka nyuma kunitazama.

Mkwe wangu alikuja na kopo la maji na kipande cha sabuni. Alichuchumaa mbele yangu, akainamisha kopo, akanimwagia mikononi taratibu, na mimi sikuweza kuinua macho. Mama mkwe kunawishwa kinyesi na mkwewe! Bora angenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningejua pa kuyaweka.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Pua yangu imekuharibia kazi."

Aliendelea kumwaga maji.

"Pua ni ugonjwa, mama," akasema. "Kwa pua sikukasirika hata siku moja." Maji yakaisha, akaweka kopo chini. "Lakini siku ile ulicheka."

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna mlango. Halikutoka neno. Alisubiri kidogo, kwa adabu, kama anavyonisubiri siku zote nimalize kusema, kisha akaokota begi lake akaenda kumwambia mke wake wasiondoke. Nikajifuta uso kwa kitambaa, nikaenda kuchukua fagio.